Duara la Saa Moja

Katibu wa kikundi cha wafanyabiashara Wakristo wa parokia yetu hapa Pemba ya Msumbiji aliniomba niwaandikie wenye kampuni, pamoja na vijana wanaoanza kazi za ghala, jinsi ninavyoliona suala la wafanyakazi kufanyia kazi nyumbani. Alisema kila mwenye kampuni siku hizi anaulizwa na watu wake, na wengi hawajui wajibu nini kama Wakristo. Alitaka kurasa chache. Alitaka pia, nadhani, maneno ya faraja. Kurasa nitampa.

Naitwa Domingos. Nimetoka nyanda za juu, upande wa Mueda. Baba alifariki nikiwa darasa la nne, mama akamfuata kabla mwaka haujaisha. Tulikuwa watoto wanne na mimi ndiye mkubwa. Baada ya matanga nilirudisha vitabu shuleni. Mwalimu akaniambia nibaki navyo, huenda nikarudi. Nikamwambia avipe mtu atakayevisoma. Wa mwisho wetu, Albertina, alikuwa hajaanza kutambaa. Nilimlea kwa uji na kwa amri, maana vitu vingine sikuwa navyo.

Palma, mji mdogo wa pwani, nilishuka kijana, kabla hata neno gesi halijatamkwa pale. Nilipata kazi kwa Patrão Anselmo, kama tunavyomwita bosi kwa Kireno, mtu wa kwetu nyanda za juu, Mkristo wa kweli kwa jinsi watu walivyomwona na kwa jinsi nilivyomwona mimi. Alikuwa na ghala moja la mchele, mafuta, sabuni na misumari, ua mpana mbele, na lango la bati. Siku ya kwanza alinipa penseli na kunikabidhi kwa Mzee Sumaila, mtu wa pwani aliyekuwa amezeekea maghalani tangu Mocímboa da Praia.

Mzee Sumaila hakunisalimia kwanza. Alinipeleka kwenye rundo la magunia.

"Haya yamekosea nini?"

Nilitazama. Nikasema yamepangwa vizuri.

"Yamepangwa vizuri kwa panya," akasema. "Gunia halikai chini, linakaa juu ya mbao. Halishiki ukuta, uache nafasi ya mkono upite. La zamani mbele, jipya nyuma. Na penseli hiyo ifunge kamba, uitundike hapa mlangoni. Penseli ya mfukoni huenda nyumbani na mwenyewe."

Hayo ndiyo masomo yangu ya juu. Akaniongezea mengine kadiri miaka ilivyokwenda: kuingiza mkono ndani ya gunia badala ya kulitazama kwa nje, kunusa unga kabla ya kuupokea, kuandika kabla ya kutoa na si baada. Tulipoletewa konteina la baridi alinifundisha kulisikiliza. "Likinguruma, kaa. Likinyamaza, kimbia." Nimewafundisha vijana wengi maneno hayo. Wengi sasa wanatazama namba kwenye kioo, na samaki wanaharibika namba ikiwa nzuri kabisa.

Kila siku saa moja asubuhi, kabla lango halijafunguliwa, tulisimama duara uani. Patrão alisoma mistari michache ya Biblia kwa Kireno, akaieleza kwa Kiswahili, kisha akaomba. Katika sala aliwataja watu wote kwa majina, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alimtaja na jambo lake. Mke wa fulani aliyejifungua, jino la fulani, nyumba ya fulani iliyoezuliwa na upepo. Waislamu walisimama nasi, mikono wazi, nao walitajwa vilevile. Hatukuwa na daftari la mahudhurio. Aliyekuwapo duarani alitajwa, aliyekosekana hakutajwa, na mtu ambaye hakutajwa alijua siku yake imepotea.

Mzee Sumaila alikuwa na la kusema hata hapo. "Kireno chote hicho asubuhi," aliniambia siku moja tukibeba mafuta. "Malaika wa Palma wanamtafuta mkalimani." Lakini hakuwahi kukosa. Mwaka alipofiwa na mkewe, patrão alimtaja marehemu kwa jina lake na la baba yake, na nilimwona mzee akifuta uso kwa kofia. Nayaandika haya ili msidhani kwamba duara lilikuwa mchezo. Lilikuwa kitu kizuri. Ndiyo maana madhara yake yalikuwa makubwa.

Kisha gesi ikagunduliwa baharini. Sitaeleza mambo ya visima, siyajui. Ninachojua ni kwamba ghafla walikuja watu wenye kofia ngumu waliotaka kununua vitu ambavyo hatukuwahi kuviona, na hawakutaka kuja kuvitazama. Walituma orodha kwa kompyuta, wakataka bei kwa kompyuta, kabla ya saa sita mchana, kwa Kireno na kwa Kiingereza. Patrão akaweka dishi la intaneti juu ya paa la ghala. Akauliza nani anaweza kuitumia mashine hiyo. Nikasema mdogo wangu.

Albertina nilikuwa nimemsomesha mpaka darasa la kumi na mbili, na baada ya hapo mafunzo ya kompyuta Nampula. Alikuja akawekwa kwenye chumba kidogo, ukuta mmoja na ghala langu. Kazi yake ilikuwa hiyo: orodha inaingia, anatafuta bei, anapiga simu kwa wauzaji, anaandaa karatasi ya bei, anaituma. Mwaka wa kwanza tulipata kazi ya kulisha kambi nzima kwa sababu alijibu kabla ya wenzetu wenye ofisi za vioo. Mimi nilikuwa nimeshakuwa mkuu wa ghala, na Mzee Sumaila alianza kuniita "mkuu" kwa sauti ambayo haikuwa ya heshima.

Albertina aliolewa na dereva wa malori, mtu mwema ambaye siku nyingi yuko njiani. Akazaa mtoto wa kike, Mena. Mtoto alizaliwa na mguu wa kushoto umepinda kwa ndani, unyayo ukitazama mwenzake. Muuguzi wa Palma alisema jambo hili linatibika, lakini hospitali ya Pemba. Mguu hunyooshwa kidogo kidogo na kufungwa plasta ngumu, na plasta hubadilishwa kila wiki, kwa wiki nyingi. Na ianze sasa, akasema, wakati mifupa bado laini. Wakati ule kutoka Palma hadi Pemba ilikuwa siku nzima ya vumbi, na masika ilikuwa siku mbili za tope. Hakuna anayekwenda na kurudi kila wiki na mtoto mchanga. Wifi yake Albertina alikuwa na chumba Pemba, karibu na hospitali.

Asubuhi moja, baada ya duara, Albertina alikwenda kwa patrão, nami nikaitwa. Patrão alikuwa nyuma ya meza, kiyoyozi kinavuma. Albertina alisimama, mtoto mgongoni, mguu umefunikwa kwa kanga.

"Mdogo wako anaomba ahamie Pemba na kompyuta," patrão akaniambia. "Afanye kazi hii hii akiwa kule. Anasema miezi sita. Wewe ndiye baba yake hapa. Unasemaje?"

Sikilizeni vizuri, enyi wenye kampuni, maana hapo ndipo kosa la kwanza lilipokaa. Patrão alikuwa na swali la kazi: je, karatasi za bei zinaweza kutoka Pemba? Jibu lake lilikuwa kwenye kompyuta, na mtu aliyelijua alikuwa amesimama mbele yake. Badala ya kumuuliza yeye akamuuliza kaka yake. Kwetu hilo ni adabu. Mwanamke ana mkubwa wake, mkubwa aulizwe.

Na mimi niliyeulizwa nilikuwa na hofu yangu. Ghala zima lilijua Albertina ni mdogo wangu. Miaka yote nilijihadhari mtu asije akasema Domingos anapendelea wake. Nilimpa zamu mbaya kuliko wengine. Akichelewa dakika tano nilimsema mbele ya watu. Nilijivunia hivyo.

"Patrão," nikasema, "duara ni duara. Akitoka huyu, kesho karani wa lango naye ana mama mgonjwa."

Albertina hakumtazama patrão, alinitazama mimi. "Kaka, orodha inakuja kwa kompyuta, inajibiwa kwa kompyuta. Hata hapa hunioni mchana kutwa, na tuko ukuta mmoja."

"Saa moja nakuona."

"Saa moja unaniona nimefumba macho."

"Na watu wa ghala niwaambieje? Kwamba mdogo wangu analipwa akiwa amekaa kwa wifi yake?"

"Waambie mtoto ana mguu."

Patrão alikuwa amekunja mikono. Nadhani, na nimelifikiria jambo hili kwa miaka mingi, alikuwa ameelekea kumruhusu. Uso wake ulikuwa umelegea. Lakini nilikuwa nimeshasema, nami nilikuwa mtu wake wa kuaminika. Akasema, "Tuombe." Tukafumba macho watu watatu, na mtoto akilia kidogo. Patrão aliomba vizuri, kama siku zote. Alimtaja Mena, alimtaja daktari ambaye hatumjui. Alipomaliza alisema, "Nimepata amani moyoni. Abaki hapa kwanza, tuone Bwana atafungua njia gani."

Njia ilikuwa imesimama mbele yake na kompyuta. Ile amani, kwa maoni yangu ya leo, ilikuwa ya kiyoyozi na ya kutolazimika kubadili kitu. Lakini siku ile nami niliipata. Nilirudi ghalani nikiwa mwepesi, kama mtu aliyetenda haki.

Mzee Sumaila alikuwa amekaa juu ya gunia akinisubiri. Habari katika ua wa bati hazihitaji dishi.

"Mkuu," akasema, "umemfungia mlango nani?"

"Sijamfungia mtu. Sheria ni moja kwa wote."

"Mwenye mguu uliopinda ni mmoja," akasema, akaenda zake.

Albertina alibaki miezi mitano. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote: alibaki kwa sababu nilisema. Angegombana nami ningeweza leo kusema tulikosana. Alikuja kila siku saa moja, akasimama duarani, akafumba macho, akaingia chumbani kwake, akatuma bei. Muuguzi wa Palma alifunga mguu wa mtoto kwa bendeji alivyoweza. Kisha Jumatatu moja duara lilikuwa na pengo. Alikuwa ameondoka na lori la mumewe. Aliacha kompyuta imefungwa vizuri, nyaya zimekunjwa, na karatasi yenye orodha ya bei zote ambazo hazijajibiwa. Ilikuwa kazi safi, jinsi nilivyomfundisha. Barua ya kuniaga mimi haikuwapo.

Pemba walimwambia amechelewa, lakini wangejaribu. Wakajaribu.

Haikupita miezi mitatu patrão alituambia duarani kwamba yeye na familia yake wanahamia Pemba. Wanunuzi wakubwa wana ofisi kule, intaneti ni bora, watoto wake wamepata shule. Ataendesha kampuni kutoka huko. "Bwana hafungwi na kuta," akasema, "na kazi pia haifungwi na kuta." Alisema ameliombea na amepata amani. Safari hii hakuna kaka aliyeitwa aulizwe. Nilisimama na kofia yangu mkononi, na midomo yangu ikasema amina kwa mazoea.

Duara halikuvunjwa. Lilihamia kwenye simu. Kila siku saa moja patrão alipiga, nami niliiweka simu, spika imewashwa, juu ya ndoo ya bati iliyogeuzwa, kwa sababu Mzee Sumaila aligundua kwamba ndoo inaikuza sauti. Watu kumi na wanne tulisimama tukiizunguka ndoo. Mtandao ulikatika upendavyo. Mara nyingi hatukujua kama sala imekwisha, tukabaki tumefumba macho, lango limefungwa, lori linapiga honi nje.

"Kakatika katikati ya baraka," Mzee Sumaila alinong'ona siku moja. "Waliotajwa mbele wamepata. Sisi wa nyuma turudi kesho."

Watu walicheka, nami nikawakemea. Lakini niliona kitu kingine kilichoanza kuharibika, polepole, kama lile konteina lisilosikilizwa. Patrão alikuwa akitaja majina kutoka kwenye karatasi. Alikuwa haoni tena nani amekonda, nani amefunga mkono kitambaa. Wiki nzima aliombea jino lililokwisha kung'olewa. Aliendelea kumshukuru Mungu kwa ajili ya mlinzi aliyekwisha kwenda kutafuta maisha Mtwara. Majina yalikuwa kamili, watu ndio walikuwa wamepungua ndani yake.

Asubuhi moja, nimeishika simu mkononi kwa sababu ndoo ilikuwa imechukuliwa kuchotea chokaa, akafika mwisho wa orodha. Akasema: "Na binti yetu Albertina, Bwana, mpe afya yeye na mtoto wake, na mpe bidii katika kazi yake ofisini hapo."

Alikuwa ameondoka miezi minane iliyopita.

Hakuna aliyefumbua macho, lakini nilijua wote wamesikia. Sijawahi kuvunja sala ya mtu katika maisha yangu. Nilibonyeza kile kitufe chekundu. Kuku wa jirani ndio waliosikika.

"Mtandao?" akauliza Mzee Sumaila, macho bado yamefumbwa.

"Mtandao," nikasema.

"Amina," akasema yeye, na wengine wakaitikia, wakaenda kufungua lango.

Patrão alipiga tena. "Tuliishia wapi?"

"Tulimaliza, patrão." Kisha nikamwambia. Nikamwambia Albertina hayupo tangu kabla yeye hajahama, na kwamba pengo lake duarani yeye mwenyewe aliliona. "Kweli, karatasi hii ni ya zamani," akasema. Nilimsikia akiikunja. Nikaona labda mlango uko wazi kidogo, nikasema jambo ambalo ilinipasa kulisema mwanzo: "Yuko hapo hapo Pemba ulipo. Mrudishie ile kompyuta, afanye kazi nyumbani. Mimi ndiye niliyekushauri vibaya."

"Nafasi ile nilimpa mpwa wangu, Domingos," akasema taratibu. "Yuko Maputo. Anatuma bei kutoka kule. Kijana mzuri, wala sijahitaji kumwona." Kisha akasema, "Nitamwombea Albertina."

Sikukata simu safari hiyo. Nilingoja akate mwenyewe.

Baadaye vita viliingia Palma, tukakimbia kila mtu na njia yake. Mzee Sumaila alivuka mto kwenda kwa watoto wake upande wa Tanzania na huko alizikwa. Mimi nilifika Pemba na nguo nilizovaa. Nilikuwa na mtu mmoja tu wa kumgongea mlango. Albertina alifungua, akanitazama, akasema, "Ingia kaka, unawe." Nikafanya kazi miaka michache ya mwisho katika ghala dogo la patrão hapa Pemba, kisha nikastaafu. Patrão ni mzee sasa. Tukikutana kanisani tunapeana mkono, na hakuna kati yetu aliyewahi kulitaja jambo hilo tena.

Nimeombwa ushauri, basi huu hapa. Mtu akikuomba afanyie kazi nyumbani, anza na kazi yenyewe: ipitie akilini hatua kwa hatua, uone ni wapi mikono yake inahitajika na ni wapi inahitajika akili yake tu. Mpagazi hawezi kupakua mchele kwa simu, na ukimpa karani ruhusa mpe mpagazi kitu kingine, hata kama ni siku ya kumpeleka mkewe kliniki. Muulize mwenye shida mwenyewe, faraghani, si mbele ya mkubwa wake wala mumewe wala duara. Usimkatalie mtu jambo ambalo utajiruhusu wewe mwaka ujao. Na uombe, sikatazi kuomba. Lakini uombe ukiwa umeshatazama. Fumba macho mwisho.

Albertina sasa anafanya kazi nyumbani, anawaandalia bei wafanyabiashara watatu ambao hakuna kati yao anayemuuliza amekaa wapi. Saa moja kamili anafungua kompyuta. Mimi nakaa barazani, nje ya mlango wake, tuko ukuta mmoja tena. Mena huondoka kwenda shule wakati huo. Anatembea. Anatembea kwa ukingo wa unyayo, na viatu vyake huisha upande mmoja. Kabla sijamwona namsikia, hatua moja nzima, moja ya kuburuta.

Niliwahi kumwambia Albertina kwamba nilikosea. Alikuwa akikuna nazi. Akasema, "Nilijua siku ile ile, kaka," akaendelea kukuna.

Kurasa zilizotangulia niliziandika kwa mkono, kwa penseli, na kwa kuwa katibu alizitaka kwa kompyuta, nilimpa Albertina aziandike. Nilikaa barazani nikisikia vidole vyake. Nilidhani akifika pale nilipomkatalia atasimama, au atatoka anitazame. Hakusimama. Aliandika yote kwa mwendo mmoja, kama orodha ya bei. Alipomaliza alitoka na karatasi zangu, akanirudishia.

"Nimebadilisha neno moja," akasema. "Umeandika mguu wa kulia. Ni wa kushoto."

Akarudi ndani. Nimeliacha kama alivyolisahihisha.